Sauti ya Mama Ndindi

Mwongeli Mumo alipopata nafasi ya mafunzo ya kazini katika redio ya umma, baba yake alishuka ngazi ghorofa mbili, mgongo ukimuuma, kwenda kumweleza jirani. Haikuwa kawaida yake. Mzee Mumo alikuwa ameendesha malori ya serikali miaka ishirini na minane, akastaafu, akafiwa na mke, na sasa aliishi mtaa wa Komarock na binti yake huyo wa pekee. Wawili hao walipika kwa zamu na kuongea kwa nadra. Lakini redio ile ndiyo iliyokuwa mwenzake barabarani miaka yote hiyo, na hata leo angeweza kukutajia wasomaji habari waliokwisha kufa, mmoja mmoja, na namna kila mmoja alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kuanza. Mtoto wake kuingia humo kulimpa maneno.

"Ukitaja jina mwisho wa habari," alimwambia, "ulitaje lote. Mwongeli Mumo. Usilikate."

Wiki sita zilipita na jina halikusikika. Mwanagenzi alitakiwa kufika kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, apigie vituo vya polisi vya mitaa ya Eastlands kuuliza kama kuna jambo lililotokea, anakili matangazo ya vifo, kisha akimbize karatasi kutoka chumba cha habari hadi studio. Mara chache alitumwa nje. Alirudi na viatu vimejaa tope, akaandika, na habari yake ikasomwa na mtu mwingine kwa sentensi tatu katikati ya taarifa, pale ambapo wasikilizaji huinuka kwenda kuongeza chai.

Mhariri wa zamu ya mchana aliitwa Lydiah, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyevaa miwani yenye uzi na kuongea polepole kana kwamba kila neno lingemrudia. Hakuwa mkali. Alichukua karatasi ya Mwongeli, akaisoma akisimama, akamrudishia.

"Umeandika wakaazi wanalalamika. Wakaazi ni nani?"

"Ni wale wa pale sokoni, madam. Walikuwa wengi."

"Redio haina picha, Mwongeli. Nikikosa mtu wa kumsikia, sina kitu. Usiniletee wakaazi. Niletee mtu."

Maneno hayo yalimkaa. Alianza kuwasikiliza watu kwa namna nyingine, hata kanisani, hata kwenye foleni ya benki, akijiuliza ni nani kati yao angeweza kusimama peke yake katika taarifa ya saa saba. Wengi hawakuweza. Walisema serikali ituangalie, walisema tunaumia, walisema yale yale aliyoyasikia tangu akiwa mtoto.

Mwezi wa nne mvua ilishika. Jumanne moja Lydiah alimtuma mtaa wa Tassia, ambako takataka zilikuwa zimerundikana barabarani hadi magari ya mizigo yakashindwa kupita. Mwongeli alirekodi mwuza mboga, akarekodi mwenye duka la simu, akapiga picha mbili za kujikumbusha. Ilikuwa habari ya takataka kama habari nyingine za takataka. Alikuwa akitafuta pa kukanyaga ili arudi alipomwona mwanamke mwembamba akija na mitungi miwili ya maji ya lita ishirini, mmoja huku na mwingine huku, akiitua kila hatua kumi. Mwanamke huyo aliingia kwenye ploti ya nyumba za kupanga, ya ghorofa saba. Pale pale langoni palikuwa na mfereji unaotiririka, na wanawake wawili wakikinga maji huku wakipiga gumzo. Hakuwatazama, nao hawakumsalimu. Akaanza kupanda ngazi na mitungi yake.

Mwongeli alimfuata. Alimkuta ghorofa ya pili akihema.

"Nikusaidie mmoja?"

"Utaweza?"

Alishika mmoja, wakapanda pamoja hadi ghorofa ya nne. Mlangoni mwanamke alimshukuru, akamwuliza ni mgeni wa nani. Mwongeli akasema anatoka redioni, amekuja kwa ajili ya takataka. Akataja jina lake.

"Mwongeli. Kwenu ni wapi?"

"Mwala."

Uso wa mwanamke ulifunguka kidogo. Akabadili lugha, akaongea Kikamba, akamwambia kwamba yeye ni wa hapo hapo, ng'ambo ya mto, jina lake Muthoki. Akamkaribisha ndani. Kilikuwa chumba kimoja safi, chenye kitanda, jiko la gesi, na mabeseni makubwa matatu yaliyopangwa moja ndani ya jingine, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo. Nyuma ya mlango kulining'inia sare ya shule ya chekechea, ndogo, imepigwa pasi.

"Kwa nini unatoa maji mbali wakati mfereji uko hapa chini?" Mwongeli aliuliza, na alipouliza tu akaona sare ile vizuri, akatamani kuyameza maneno yake.

Muthoki alimimina maji kwenye sufuria, akawasha jiko, akasimama akiyatazama.

Binti yake aliitwa Ndindi. Miezi miwili nyuma alianza kutapika Jumapili. Jumatatu hakuwa na nguvu ya kusimama. Muthoki alimbeba mgongoni mpaka hospitalini, na daktari, kabla hata ya kumgusa mtoto, aliuliza wanakunywa maji ya wapi. Aliposikia ni ya kisima cha ploti, kile kinacholisha mfereji wa langoni, akaandika kitu. Ndindi alikaa siku mbili. Walimzika Mwala. Aliporudi Tassia, Muthoki alimwambia msimamizi wa ploti, mtu anayeitwa Gitonga, kwamba kisima kimechimbwa karibu mno na shimo la maji taka, hatua sita tu, amezihesabu. Gitonga alimpa pole, akasema pengine mtoto alikula kitu barabarani. Halafu akapita mlango kwa mlango akiwaomba wapangaji wasieneze uvumi, kwa maana kisima kikifungwa wataumia wote.

"Na wengine hawajaugua?"

"Wameugua. Wanaendesha, wananunua dawa, wanapona. Wangu hakupona."

Mwongeli alitoa kinasa sauti mfukoni, akakiweka mezani bila kukiwasha. Alimwuliza kama angeweza kuyasema hayo kwa Kiswahili, ili yasikike.

Muthoki alikitazama kile kidude.

"Jina langu lisitoke."

"Halitatoka."

"Wala jina la ploti."

"Wala ploti. Tutasema Tassia tu. Tassia ni kubwa."

"Basi sitajulikana."

"Hutajulikana, dada."

Akakiwasha. Muthoki alisema kwa dakika kumi na moja, bila kulia, kwa sauti nyembamba yenye lafudhi ya Mwala na kigugumizi kidogo kilichojitokeza kila alipofika kwenye herufi ya m. Mwisho kabisa, Mwongeli alipokuwa amenyoosha mkono azime, alisema:

"Watu hapa wananiita Mama Ndindi. Mpaka leo wananiita kwa jina lake, asubuhi na jioni, na mimi naitikia. Mimi ni mama wa mtu ambaye hayuko."

Mwongeli alishuka zile ngazi akiwa na huzuni, na chini ya huzuni hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichompiga kifuani kama furaha. Alijua kilikuwa nini. Amempata mtu.

Siku mbili alihangaika na habari hiyo. Lydiah alitaka kauli ya maafisa wa afya, na Mwongeli akapiga simu mpaka akaipata: watatuma watu kuchukua sampuli. Akamtafuta daktari mwingine aeleze jinsi maji taka yanavyopenya ardhini. Kisha akaketi na Shiundu, fundi wa sauti, katika kijumba kidogo kisicho na dirisha ambamo habari zilikatwa na kuunganishwa. Shiundu alikuwa mtu mzima aliyezoea wanagenzi kuja na kwenda. Alisikiliza kanda yote akiwa ameinamisha kichwa.

"Huyu mama anajificha?"

"Hataki jina litajwe."

"Naweza kuishusha sauti, iwe nzito, asijulikane. Ama usome wewe maneno yake."

Mwongeli alimwomba ajaribu. Shiundu akazungusha vitufe vya mtambo, na Muthoki akatoka akiwa na sauti ya mwanamume aliye ndani ya pipa. Kigugumizi kilibaki lakini kikawa cha kuchekesha. Wakajaribu Mwongeli akisoma. Akasoma vizuri, na maneno yakafa.

"Tuiache ilivyo," alisema.

"Una hakika?"

"Ikigeuzwa haina uzito."

Aliondoa neno Ndindi. Alilikata kwa uangalifu, akaacha "kwa jina lake, asubuhi na jioni, na mimi naitikia." Alipoliona limetoka alijisikia ametimiza ahadi. Alasiri Lydiah alikuja kusikiliza. Ilipokwisha alivua miwani yake.

"Huyu amekubali sauti yake itumike?"

"Amekubali."

"Unajua ninachouliza?"

"Ndiyo, madam. Aliniambia mwenyewe, jina lake lisitoke, wala la ploti."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Lydiah akasema habari itatoka kesho saa saba, na kwamba Mwongeli ataimaliza kwa kutaja jina lake mwenyewe.

Ilitoka. Ilikuwa dakika moja na sekunde kumi na tano, ya tatu katika taarifa. Chumba cha habari, ambacho kwa kawaida hakisikilizi taarifa yake chenyewe, kilinyamaza. Mwandishi mmoja wa siku nyingi alimgusa bega akipita. Komarock, Mzee Mumo alikuwa amemwita jirani aje asikilize naye. Mwongeli aliporudi nyumbani, alimkuta baba yake amemwekea chakula kilichofunikwa kwa sahani na bado yu macho kitini.

"Ulilitaja lote," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Yule mama. Alinichoma moyo. Watamsaidia?"

"Wameshatuma watu wa afya kuchukua maji."

Na kweli walitumwa. Siku ya Alhamisi walichukua maji ya visima kadhaa vya Tassia, na siku ya Jumatatu matokeo yalipotoka wakaja na mnyororo na karatasi, wakakifunga kile cha ploti ya Muthoki. Redio ikatangaza. Lydiah akamwambia Mwongeli, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, kwamba hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kuwa, na akamrudisha Tassia kuandaa habari ya ufuatiliaji.

Alikwenda akitembea kwa wepesi. Pale langoni mfereji ulikuwa umekauka na umefungwa kwa waya. Wanawake walikuwa wakija kutoka mbali na mitungi, wengine wakipumzika kwenye ngazi, uso mmoja baada ya mwingine umeiva kwa jasho. Mmoja alikuwa mjamzito. Mwongeli alimsogelea na kinasa sauti.

"Habari yako, mama. Natoka redioni."

Mwanamke alitua mtungi. "Ndio nyinyi?"

"Ndiyo."

"Mimi naishi ghorofa ya sita. Sina la kusema. Muulizeni Mama Ndindi, yeye ndiye anajua kuongea."

Wengine waliosikia waligeuza nyuso. Mwongeli alipanda hadi ghorofa ya nne. Mlango wa Muthoki ulikuwa na kufuli jipya. Akagonga mlango wa jirani. Redio ilikuwa ikilia ndani, ikazimwa, na hakuna aliyefungua.

Chini kulikuwa na duka dogo la unga, sabuni na maziwa. Mwenye duka aliitwa Habibo, mwanamke mnene aliyejifunga mtandio wa rangi ya machungwa. Huyu hakumkwepa. Alimhudumia mteja kwanza, akangoja atoke.

"Unamtafuta Muthoki. Amehama. Tangu Jumamosi."

"Amehamishwa?"

"Gitonga alimwambia nyumba inatakiwa, inarekebishwa. Wewe umeona mafundi?" Habibo alifuta kaunta pasipokuwa na uchafu. "Siku ile ya habari, redio ilikuwa inalia hapa dukani. Tulikuwa watu wanne, na Gitonga mmoja wao, amekuja kununua maziwa. Yule mama alipofungua mdomo tu, sisi sote tuliangalia juu. Hakuna aliyesema jina. Tuliangalia juu tu, ghorofa ya nne."

"Lakini sikutaja ploti."

"Dada yangu, huyo tunamsikia kila siku kwenye ngazi. Nani mwingine anaongea hivyo?"

Mwongeli alirudisha kinasa sauti mfukoni.

"Gitonga ni mtu wa kazi, ametumwa," Habibo aliendelea. "Mimi nilishangaa hawa wengine. Walilala naye matanga, walimchangia jeneza. Siku ya kuhama alibeba godoro peke yake mpaka pale kwa mkokoteni. Walikuwa wamesimama hapo na mitungi yao. Nikatuma msichana wangu amshikie mabeseni."

Alimpa nambari ya simu na kumwelekeza: Muthoki yuko kwa dada yake Shauri Moyo, kwenye zile nyumba za zamani za mabati mekundu, upande wa kuelekea soko la Gikomba.

Siku hiyo Mwongeli aliandika habari ya ufuatiliaji. Ilisema kisima kimefungwa na wakaazi wanatoa maji mbali. Lydiah alipoisoma aliuliza yule mama yuko wapi sasa, na Mwongeli akasema hakumpata.

Ilimchukua siku nne kwenda Shauri Moyo. Kila asubuhi alisema ni leo, na kila alasiri alipata sababu. Alipokwenda hatimaye, alimkuta Muthoki kwenye ua wa nyuma, amekunja marinda ya gauni na kuyafunga kiunoni, akifua mablanketi ya mitumba ambayo wafanyabiashara wa Gikomba walimletea yakiwa na vumbi na harufu ya dawa. Mikono ilikuwa imechubuka vidoleni. Alimwona, akaendelea kusugua.

"Habibo amekuelekeza."

"Ndiyo."

"Kaa pale kwa stuli."

Mwongeli alikaa. Aliuliza kama yuko salama, na Muthoki akasema yuko, analala na watoto wa dada yake, ni sawa. Aliuliza kama kuna anayemsumbua, na Muthoki akasema hakuna anayemjua hapa wa kumsumbua.

"Hapa wananiita Muthoki," alisema. "Ama dada ya fulani. Hakuna anayeniita Mama Ndindi, kwa sababu hawakumwona. Juzi nilisikia mtu akiita hivyo barabarani, nikageuka. Alikuwa anaita mwingine."

Alisukuma blanketi ndani ya maji, akalishikilia kwa kiganja mpaka mapovu yakakoma.

"Ulisema sitajulikana."

"Nilisema."

"Sasa ilikuwa aje?"

Mwongeli alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima. Alikuwa na maneno ya kweli mdomoni, yamepangwa. Lakini alipouona ule uso uliokonda umemgeukia, ukingoja, maneno mengine ndiyo yaliyotoka.

"Mimi huandika tu. Kule ofisini kuna mhariri. Yeye ndiye huamua sauti itoke vipi."

"Wewe hukuwa na uwezo."

"Mimi ni mwanafunzi."

Muthoki aliacha kusugua. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi," alisema kwa Kikamba. "Mimi nilikuwa nikijiambia, yule msichana ameniuza. Mtoto wa kwetu, ananisikiliza kwa lugha yangu, ananibebea maji, halafu ananiuza. Hilo ndilo lilikuwa linaniuma kuliko nyumba. Basi si wewe. Ni wakubwa."

Akajifuta mikono, akaingia ndani, akamletea chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Mwongeli aliinywa yote. Ilikuwa tamu, na alihisi kila tone likishuka.

Mafunzo yake yaliisha mwishoni mwa mwezi wa tano. Lydiah alijaza fomu ya chuo kwa mwandiko wake uliosimama wima, akampa alama za juu kila mahali. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: Ana sikio. Anajua kumpata mtu. Akamwambia kwamba nafasi za kazi hazipo kwa sasa, watu wanapunguzwa, lakini ataliweka jina lake. Shiundu alimpa mkono. Wakati huo kisima cha Tassia kilikuwa kimeshafunguliwa tena. Mwenye ploti alileta mafundi na dawa na cheti, na Habibo alimwambia kwa simu kwamba wanawake wamerudi kukinga maji pale pale, ila sasa wanayachemsha. Mtoto mmoja wa ghorofa ya pili aliyekuwa akiharisha kila mara alikuwa amenona. Kazi ilikuwa imefaa. Hilo ndilo lililomsumbua Mwongeli zaidi, kwamba asingeweza hata kusema haikufaa.

Jumapili baada ya ibada baba yake aliuliza, kama vile anaendeleza mazungumzo ya jana, "Yule mama aliendeleaje?"

Mwongeli alikuwa akimenya viazi. Akamweleza. Alimweleza kila kitu, hata chai. Mzee Mumo alisikiliza hadi mwisho, akinyoosha mgongo wake kitini.

"Mhariri alikuuliza, na ukamwambia mama amekubali."

"Ndiyo."

"Halafu mama akakuuliza, ukamwambia ni mhariri."

"Ndiyo, baba."

Hakumkaripia. Aliinuka, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye. Mwongeli angependa agombezwe.

Alhamisi iliyofuata alirudi Shauri Moyo. Ilikuwa asubuhi ya wingu zito, na Muthoki alikuwa akiharakisha kuanua kabla ya mvua. Alimpokea kwa uchangamfu kiasi, akauliza habari za masomo. Mwongeli alikataa stuli. Alisema akiwa amesimama, kwa Kikamba, ili asipate pa kujificha.

"Si mhariri. Ni mimi. Fundi alitaka kuibadilisha sauti yako, mimi nikakataa. Mhariri aliniuliza kama umekubali, nikamwambia umekubali. Nilijua ukisikika hivyo ulivyo habari itakuwa nzuri. Nilitaka iwe nzuri."

Muthoki alikuwa ameshika ncha ya blanketi kwenye kamba. Hakuliachilia.

"Ulijua watanijua?"

"Sikutaka kufikiria. Nafikiri nilijua."

Upande wa pili wa ua mtu alikuwa akipasua kuni. Muthoki alilinyoosha blanketi kwenye kamba.

"Na leo umekuja kuniambia hivyo kwa sababu gani?"

"Nilikudanganya."

"Najua sasa umenidanganya. Nauliza umeniambia ili nifanye nini nalo."

Mwongeli alitazama maji yaliyodondoka kutoka kwenye blanketi.

"Ile ya kwanza ilikuwa inanitosha," Muthoki alisema. Hakuinua sauti. Kigugumizi kilimshika, akakingoja kipite. "Mimi nilishamaliza na wewe. Nilikuwa nimekuweka mahali pazuri. Nilikuwa nasema, kwa hao watu wote, yule msichana hakunifanyia kitu. Ungeniachia hiyo."

"Nisamehe."

"Sijui. Usiniulize leo."

Matone ya kwanza yalianza kupiga mabati. Muthoki alianua blanketi lililokuwa karibu, akalikuta bado zito kwa maji, akalitazama kama anayefikiria kuliacha, kisha akamnyooshea Mwongeli ncha moja.

"Shika huku. Zungusha kwenda kulia."

Walilikamua, mmoja huku na mwingine kule, hadi likajikunja kama kamba na maji yakawalowesha miguu. Walikamua la pili, na la tatu. Mwongeli alizungusha alivyoambiwa, na vidole vilipomuuma hakusema. La nne lilipokwisha, Muthoki aliyakusanya yote mikononi, akayabana kifuani yakilowesha gauni lake, akaelekea mlangoni.

"Sasa nenda," alisema bila kugeuka, "kabla mvua haijakushika."

Mwongeli alisimama kwenye ua mpaka mlango ukafungwa. Kisha akaondoka, akipita katikati ya nyumba zile akiwa ameinama, na mvua ikamshika kabla hajafika barabarani.